Dakika Nane za Kibodi Namba Kumi na Nne

Kila asubuhi, kabla hajamuuliza mtu swali la kwanza, mpelelezi wa bodi inayosimamia huduma za dharura alichonga penseli tatu. Alizichonga kwa wembe juu ya karatasi iliyokunjwa mara mbili, na maganda yake aliyatia kwenye bahasha iliyokwisha kazi. Asubuhi hiyo alikuwa ameshamaliza mbili, na ya tatu imefika nusu, pale jalada la buluu lilipotupwa mezani likaburuta karatasi, maganda na wembe hadi sakafuni.

"Saini ukurasa wa mwisho," alisema Mkurugenzi. "Tumekurahisishia kazi."

Mpelelezi aliinama akaokota wembe kwanza, akaufunga kwenye kitambaa. Kisha akafungua jalada na kusoma kurasa zote nne, pole pole, huku Mkurugenzi akichezea funguo za gari mfukoni.

Habari yenyewe aliijua. Siku kumi na tisa zilizopita fundi magari mmoja aliangukiwa na gari alilokuwa akilitengeneza uani kwake. Mkewe alipiga simu ya dharura dakika ileile. Mfumo wa kompyuta wa kampuni hii ndio uliopokea, ukatafuta gari la wagonjwa lililo karibu na kumpelekea dereva taarifa. Dereva wa kwanza hakujibu, kwa kuwa alikuwa amebeba machela. Hapo mfumo ulitakiwa kungoja sekunde thelathini, ukikosa jibu uhamie gari la pili. Ulingoja dakika tano. Gari la pili nalo likakosa kujibu, ukangoja dakika tano nyingine. Gari la tatu lilipofika, fundi alikuwa ameshafunikwa shuka.

Mambo mapya yalikuwa kwenye ukurasa wa tatu. Chanzo cha kifo, jalada lilisema, ni mwandishi mdogo wa programu aliyeongeza muda wa kungoja kwa makusudi ili kuficha kazi yake mbovu. Palikuwa na jina lake kamili, ambalo hakuna mtu ofisini aliyelitumia. Wote walimwita Samahani, maana hakuna sentensi aliyoianza bila neno hilo.

"Nikisaini?"

"Saa kumi jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Binti anachukuliwa leo leo. Sisi tunaendelea na kazi, wewe unarudi kwenu."

"Nisiposaini?"

"Bodi itatuletea mwingine anayejua kusoma." Mkurugenzi alitazama saa yake. "Umekaa hapa siku nne, mama. Unakunywa chai yetu, unauliza mambo ya watoto wa shule. Kumbukumbu ya mabadiliko inasema mabadiliko yametoka kwenye kompyuta yake, kwa jina lake, Jumanne, saa saba na dakika kumi na mbili mchana. Unataka nini tena, picha ya harusi?"

"Nataka kuongea na Refa," alisema mpelelezi, akaichukua penseli ya tatu ilivyo, nusu imechongwa.

*

Chumba cha kazi kilikuwa kirefu, meza kumi na nane katika safu mbili, na ukutani mbele skrini kubwa isiyo na kitu ila rangi. Leo ilikuwa ya kijani. Chini yake, kwenye meza iliyogeuzwa kuwatazama wengine kama ya mwalimu, alikaa mkuu wa majaribio, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Yeye ndiye aliyeitwa Refa. Alipomwona mpelelezi anakuja, Mkurugenzi nyuma yake, hakuinuka.

"Kiti hakuna," alisema.

"Nitasimama. Nieleze majaribio yanavyokwenda, kama unamweleza shangazi yako."

"Shangazi yangu alikuwa na akili."

Wafanyakazi wa safu ya mbele waliinamisha vichwa. Mpelelezi alingoja, penseli juu ya karatasi, mpaka Refa akachoka kutazamwa.

"Programu ina majaribio mia tatu na arobaini," alisema. "Kila mtu akiwasilisha mabadiliko yake, ile kompyuta pale pembeni inayaendesha yote yenyewe, hakuna mkono wa mtu. Yote yakipita, ukuta unakuwa wa kijani. Hata moja likianguka, unakuwa mwekundu."

"Na kabla ya majaribio kuanza?"

"Kuna faili la maandalizi. Hilo linatandika kitanda kabla mgonjwa hajalala. Linaunda magari ya uongo, madereva wa uongo, simu za uongo. Na linasema kila kitu kingojwe muda gani. Bila kikomo, jaribio moja likikwama tu, kompyuta itakaa inalingoja hadi kiama. Kikomo kikipita, jaribio linahesabiwa limeanguka."

"Hapo ndipo mstari ulipoingizwa."

"Mstari mmoja. Kila muda wa kungoja uzidishwe mara kumi."

"Sasa nisaidie. Faili hilo ni la magari ya uongo. Mbona magari ya kweli nayo yalingoja mara kumi?"

Refa alimtazama Mkurugenzi kwanza. "Zamani yalikuwa mafaili mawili. Mwaka jana yakaunganishwa. La majaribio na la magari likawa moja, ili kazi iishe haraka."

"Yaliunganishwa na nani?"

"Hilo haliko kwenye hoja," alisema Mkurugenzi.

Mpelelezi aliandika, na chini ya maneno hayo akapiga mstari. "Kuna jaribio la zile sekunde thelathini?"

"Lipo."

"Siku hiyo lilipita?"

"Lilipita."

"Lilipitaje, na mfumo ulikuwa unangoja sekunde mia tatu?"

"Jaribio linauliza hivi: je, mfumo umengoja muda ulioandikwa kwenye faili? Faili limesema mia tatu, mfumo umengoja mia tatu. Sahihi."

"Yaani mwanafunzi na msahihishaji wanaiga kwenye daftari moja."

"Sema upendavyo. Mimi sikulitunga jaribio hilo."

"Ila mstari ulipita kwako." Mpelelezi alimgeuzia karatasi. "Uliwasilishwa saa saba na dakika kumi na mbili. Ukaidhinishwa saa saba na dakika kumi na sita. Kwa jina lako."

"Hapa hakuna anayejipitishia mwenyewe," Mkurugenzi aliingilia, kwa sauti ya kuwasomea wageni kibao cha mlangoni. "Mabadiliko ya wafanyakazi anapitisha Refa. Ya Refa napitisha mimi. Utaratibu upo."

"Nilipitisha bila kusoma," alisema Refa. Maneno hayo yalimtoka laini, kama yaliyokuwa tayari yamepigwa pasi. "Ilikuwa saa ya chakula, nina usingizi, nikabonyeza. Andika hivyo. Huo ni uzembe, nitapewa barua ya onyo. Aliyeandika mstari ni mwingine."

"Na kwa nini huyo mwingine auandike?"

"Amechoka kukatwa mikono," alisema mtu kutoka safu ya pili, na wachache wakacheka kwa pua.

Mpelelezi aligeuka. "Kukatwa mikono ndiyo nini?"

Mkurugenzi ndiye aliyeeleza, akitabasamu kidogo. Ilikuwa desturi ya chumba hiki, miaka sita sasa. Ukuta ukiwa mwekundu, aliyewasilisha mabadiliko wa mwisho huchomolewa kibodi yake mbele ya wenzake, ikafungiwa kwenye droo ya Refa. Hairudishwi mpaka ukuta urudi kijani. Kibodi zote zina namba mgongoni, moja kwa kila mtu, na kila inapoingia droo au kutoka huandikwa daftarini.

"Inawafanya wawe makini," alisema. "Wazo la Refa mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilimpa cheti."

"Daftari hilo naomba."

Refa alivuta kamba shingoni, ukatoka ufunguo mdogo wa shaba. Alifungua droo, akatoa daftari lenye jalada gumu, akaliweka mezani kwa namna ya kulitupa. Mpelelezi alilipekua akiwa amesimama. Mwezi wa tukio ulikuwa na mistari kumi na minne. Katika mistari tisa, kibodi ilikuwa namba kumi na nne.

"Ya nani hii?"

"Ya Samahani," alisema Mkurugenzi. "Umeona sasa? Mara tisa kwa mwezi. Mtu wa namna hiyo atafanya lolote."

"Na zote zimeingia saa nne asubuhi. Saa nne na dakika tano, saa nne na dakika kumi, saa nne na dakika nane." Alifunga daftari kidole kikiwa ndani. "Saa nne kuna nini?"

Kijana wa safu ya mbele, ambaye bado hakuwa amenyanyua kichwa, alisema kwa sauti ndogo kwamba saa nne ndipo watu wa ghorofa ya juu wanapoanza kuitumia ileile kompyuta ya pembeni.

"Kwa hiyo inaelemewa, inachelewa, vikomo vinapita, majaribio yanaanguka hata kama kazi ni nzuri. Na wa mwisho kuwasilisha kabla ya saa nne ni nani kila siku?"

"Samahani," alisema kijana. "Yeye anawasilisha kidogo kidogo, tangu asubuhi. Alifundishwa hivyo."

"Alifundishwa na nani?"

Kijana alimtazama Refa, kisha akayarudisha macho kwenye skrini yake.

"Refa aliwahi kuomba kompyuta nyingine?" mpelelezi alimuuliza Mkurugenzi.

"Mara mbili. Na vikomo viongezwe, mara mbili. Nikakataa yote manne. Kungoja ni uvivu, mama. Ukimwongezea mtu muda leo, kesho anataka mwingine."

*

Samahani walikuwa wamemweka kwenye stoo ya karatasi tangu asubuhi, kati ya maboksi ya wino na kiti kilichovunjika mguu. Hakuwa amefungiwa. Aliambiwa tu akae, akakaa. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mwembamba, mikono ameiweka mapajani viganja juu, kama wanavyokaa watu waliozoea kunyang'anywa cha kushika.

"Samahani, hakuna pa kukaa," alisema.

"Nimeambiwa hivyo ofisi nzima." Mpelelezi alikalia boksi. "Uliuandika ule mstari?"

"Samahani. Sina la kusema."

"Jumanne ile ulikatwa mikono saa nne na dakika kumi. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Nani aliichukua kibodi?"

"Refa. Anaichukua yeye siku zote."

"Alikuambia nini?"

"Alisema mbele ya watu kwamba kama siwezi kazi, kuna watu wanatafuta kazi." Aliyasema bila kulalamika, kama mtu anayetoa namba ya simu.

"Unajua saa kumi kuna nini?"

"Najua."

"Una watu nyumbani?"

"Niko na mjomba wangu, kaka yake mama. Amenilea tangu niko darasa la pili."

"Anajua yanayokukuta?"

"Anajua."

"Anasemaje?"

Samahani alitazama mlango, kisha maboksi, kisha viganja vyake.

"Bado hajasema," alijibu.

Mpelelezi hakuuliza zaidi. Alipotoka alisimama kidogo kwenye mlango mkuu, mahali palipobandikwa orodha ya namba za dharura za wakuu wa vitengo. Akatoa kwenye mkoba fomu ya ajira ya binti, aliyopewa siku ya kwanza pamoja na karatasi nyingine hamsini, akasoma mstari wa ndugu wa karibu. Namba ya simu ya fomuni na namba ya tano ya mlangoni zilikuwa moja. Alizilinganisha mara mbili, kidole kikipita tarakimu kwa tarakimu, kisha akaenda jikoni.

*

Mhudumu wa chai alikuwa anasugua sufuria. Hakuacha kusugua.

"Ukitaka chai, imekwisha. Bosi kasema wewe usipewe tena."

"Sitaki chai. Nataka Jumanne, wiki tatu zilizopita. Saa ya chakula Samahani alikuwa wapi?"

"Kwani hapa kuna pengine? Mtu akinyang'anywa kibodi anakaa wapi, anawatazama wenzake wanavyoandika? Wanakuja kwangu. Ningekuwa nawatoza, ningekuwa na nyumba mbili. Alikuwa anakausha vikombe, pale unaposimama."

"Muda wote?"

"Wewe unataka kumfunga au kumfungua?"

"Nataka kujua."

Mhudumu aliisuuza sufuria, akaipindua. "Alitoka mara moja. Alisema anafuata leso yake mezani. Akarudi mara ile ile, leso hana, uso umemshuka kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Nikamwambia, mwanangu, umekutana na jini? Akasema samahani. Akakausha kikombe kimoja hadi nikamnyang'anya, maana angeking'oa mkono."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Mimi naangalia moto, siangalii saa. Watu walikuwa ndio wametoka kwenda kula. Chumba kilikuwa kitupu." Alijifuta mikono kwenye kanga ya kiunoni. "Na usiniandike. Nikifukuzwa hapa, utakuja kuniajiri wewe?"

Mpelelezi alifunga daftari lake bila kuandika kitu.

*

Saa tisa na nusu aliwaita wote watatu kwenye meza ya Refa. Mkurugenzi alikuja na jalada la buluu chini ya kwapa na kalamu ya wino tayari mkononi. Samahani alisimama hatua mbili nyuma, karibu na ukuta. Kwenye meza za mbele hakuna kibodi iliyokuwa inalia.

"Nusu saa," alisema Mkurugenzi. "Toa povu lako, tumalize."

"Daftari la Refa linasema kibodi namba kumi na nne iliingia kwenye droo hii saa nne na dakika kumi asubuhi, ikatoka saa saba na dakika ishirini na mbili mchana, ukuta uliporudi kijani. Mwandiko ni wako?"

"Wangu," alisema Refa.

"Mstari uliwasilishwa saa saba na dakika kumi na mbili. Dakika kumi kabla ya kibodi kurudishwa. Binti aliuandika na nini, na meno?"

"Kuna kibodi kumi na nane humu. Watu wamekwenda kula. Aliazima."

"Nilidhani hivyo mpaka mchana huu." Mpelelezi alikunjua karatasi ndefu iliyochapwa. "Halafu fundi wa kompyuta wa bodi akaniambia kwamba kompyuta hukumbuka kila kilichochomekwa na kila kilichochomolewa, pamoja na namba yake. Hii ni kompyuta ya Samahani. Saa nne na dakika tisa, kibodi namba kumi na nne imechomolewa. Hapo ndipo ulipoichukua. Saa saba na dakika sita mchana imechomekwa, ileile, kumi na nne. Saa saba na dakika kumi na nne imechomolewa. Saa saba na dakika ishirini na tatu imechomekwa tena. Daftari lako linajua mara moja kibodi ilipotoka. Kompyuta inajua mara mbili."

Mkurugenzi aliacha kuchezea kalamu.

"Kwa dakika nane," alisema mpelelezi, "kibodi iliyofungiwa ilikuwa nje ya droo. Funguo za droo ziko ngapi?"

"Mmoja," alijibu Mkurugenzi kabla Refa hajafungua mdomo.

"Uko wapi?"

Macho yote yalikwenda kwenye kamba iliyokuwa shingoni mwa Refa. Yeye aliushika ufunguo kwa juu ya shati, kama mtu anayeshika moyo.

"Sasa tutafute sababu. Mkuu wa majaribio ameomba vikomo viongezwe, akakataliwa mara mbili. Akiandika mstari kwa jina lake, taarifa inakwenda kwa Mkurugenzi, atakataliwa mara ya tatu. Ukiandikwa kwa jina la mfanyakazi mdogo, anayeidhinisha ni yeye mwenyewe. Dakika mbili za kurudi kwenye meza yake, anaidhinisha. Dakika sita baadaye ukuta wa kijani. Alitaka kurekebisha majaribio tu. Akasahau kwamba mwaka jana mafaili yaliunganishwa."

"Hadithi," alisema Refa.

"Basi nipe yako."

Refa alijinyoosha. Paji la uso lilikuwa linang'aa jasho, lakini sauti yake ilikuwa ileile ya kuwakatia watu mikono.

"Mchana mimi hulala. Wote humu wanajua, kichwa juu ya meza, robo saa. Ufunguo unaning'inia hapa. Mtu mwepesi wa mkono anaweza kuutoa na kuurudisha nisijue. Na huyu," alisema, bila kugeuka nyuma, "huyu amezoea. Nyumbani kila asubuhi ndiye anayeuchukua kitandani kwangu na kuniwekea mfukoni. Hajawahi kuniamsha."

Chumba kizima kilisikika kinapumua.

"Nyumbani kwa nani?" aliuliza Mkurugenzi.

Refa alifumba mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Mpelelezi aliweka fomu ya ajira juu ya karatasi ndefu. "Ndugu wa karibu, mjomba. Namba ya simu ni hii. Ni ileile iliyobandikwa mlangoni kwenu, ya tano kutoka juu. Miaka miwili hapa, na hakuna aliyejua. Alimkata mikono mara tisa kwa mwezi mmoja asije mtu akasema anampendelea."

Mkurugenzi alichukua muda kidogo kupiga hesabu zake, na zilipomkalia sawa akacheka.

"Basi mambo yamekwisha. Mjomba mtu, mlezi wake, ametamka mbele ya mashahidi kwamba binti ndiye aliyeiba ufunguo. Ushahidi gani unaupita huo? Saini, mama. Saa kumi kasoro dakika kumi."

Alisukuma jalada, akaliwekea kalamu juu. Mpelelezi hakuigusa. Alimgeukia msichana aliyekuwa ukutani.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Mimi nina ufunguo mmoja na shingo mbili. Karatasi zangu zimefika mwisho, haziwezi kuona nani alikuwa amelala. Wewe ulitoka jikoni kufuata leso, ukarudi bila leso. Nikiandika kwamba huna la kusema, nitasaini alichoandika bosi wako, na nusu saa ijayo hutakuwa hapa. Una la kusema?"

"Usimlazimishe," alisema Refa. Kwa mara ya kwanza aligeuka, na sauti ilishuka, ikawa ya mtu aliye nyumbani kwake. "Nyamaza tu, mwanangu. Wewe ni mdogo, hakimu atakuonea huruma, utatoka. Mimi nimebakiza mwaka na miezi miwili nistaafu. Umeninyamazia mpaka leo, usiharibu sasa. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba unanilinda."

Samahani aliondoka ukutani. Alipita mbele ya Mkurugenzi bila kumwomba njia, akafika kwenye ukingo wa meza, akaiweka mikono yake hapo.

"Nilikuona," alisema. "Umeinamia meza yangu, unaandika kwa vidole viwili. Nikajua unanionea huruma, na kwamba mbele za watu huwezi. Nikarudi jikoni nikakausha vikombe. Yule fundi alipokufa nikasema, leo atakwenda kuwaambia. Usiku nimekupakulia, umekula, umeuliza chumvi. Kesho yake nikasema, leo. Waliponiita stoo nikasema, sasa atakuja. Kila walichoniuliza nimesema sina la kusema, ili la kusema ubaki nalo wewe."

"Mwanangu."

"Siku kumi na tisa." Hakupaza sauti. "Sikuwa nakulinda, Mjomba. Nilikuwa nakusubiri."